Mwongozo kamili: Jinsi ya kufunga mtungi wa pembeni kwa uzamiaji wa kiufundi

Kosa ni lilelile kila msimu. Mzamiaji amemaliza kozi, amerudi Dar es Salaam, amenunua kamba na klipu, amefunga mtungi wa pembeni, yaani mtungi wa ziada wa gesi unaobebwa ubavuni, kwa kuangalia picha. Akiingia majini pale kisiwa cha Mbudya, kichwa cha mtungi kinaning'inia mbali na kwapa, kitako kinamgonga paja, hozi inapepea, na ndoano ya chini haifikiki kwa mkono mmoja. Akitoka anaongeza mpira hapa, kamba pale. Safari inayofuata mambo ni yaleyale.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: umbali kati ya ndoano mbili zinazoushika mtungi kwenye mikanda haukupimwa kwenye mwili wake. Amenakili kipimo cha mwenzake, au ameuacha kama ulivyotoka dukani. Mtungi wa pembeni ni kama suruali ya kushonesha, fundi hawezi kuikata kwa vipimo vya jirani yako.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye kwenye mafunzo ya uzamiaji wa kiufundi, ule unaolazimu kusimama njiani wakati wa kupanda, au aliyekwisha kuyamaliza, iwe ni TDI, GUE, IANTD au taasisi nyingine. Haufundishi kuchanganya gesi wala kupanga vituo vya kusimama wakati wa kupanda. Kama bado hujafundishwa kubadili gesi chini ya maji, usivae mtungi wa oksijeni hata kama umeufunga vizuri kuliko mwalimu wako.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa kamba

Mtungi wa alumini. Saizi mbili ndizo zinazotumika sana. Kuna wa lita 11.1, yaani S80, wenye kipenyo cha milimita 184. Kuna wa lita 5.7, yaani S40, wenye kipenyo cha milimita 133, ambao kwa oksijeni ya kupandia, yaani inayovutwa wakati wa kupanda, unawatosha wengi. Usichukue mtungi wa chuma kwa kazi hii. Chuma ni kizito majini mwanzo hadi mwisho, kinakuvuta upande mmoja, na kikikuponyoka wakati unamkabidhi mwenzako kinaenda chini moja kwa moja. S80 wa alumini ukiwa umejaa huzama kidogo tu, na ukikaribia kwisha huelea kwa nguvu ya karibu kilo 2.

Ukinunua wa mtumba, soma mihuri iliyogongwa begani. Tarehe ya jaribio la shinikizo la maji isizidi miaka 5. Mitungi ya miaka ya 1970 na 1980 mingi ilitengenezwa kwa aloi 6351, ambayo imejulikana kupata nyufa shingoni. Huo uache, hata ukipewa bure.

Kamba ya nailoni ya kusuka, unene milimita 6, urefu mita 2.5. Maduka ya zana za uvuvi yanayo. Usikubali kupewa ile ya plastiki ngumu ya kufungia boti: mafundo yake hulegea yenyewe, na inaelea.

Ndoano mbili za ulimi, za chuma kisichoshika kutu, urefu sentimita 10 hivi. Ni zile ambazo ulimi wake unavutwa nyuma kwa kidole gumba, wazamiaji huziita bolti-snepu. Usinunue karabina zenye mlango wa kusukuma. Mlango ule unafunguka ukiguswa kutoka nje, kwa hiyo mshipi au kipande cha wavu kinaingia chenyewe na hakitoki. Miamba yetu ina mishipi mingi iliyokatika, na mzamiaji mwenye karabina kifuani anaikusanya bila kujua.

Klipu ya hozi ya kukaza kwa bisibisi. Hii nitaieleza zaidi hapa chini, maana ndiyo watu wanauziwa mbovu.

Kipande cha hozi ya bustani cha robo tatu inchi, urefu sentimita 20. Nusu inchi haipitishi kamba mbili za milimita 6 kwa raha.

Tyubu kuukuu. Ya gari dogo kwa S80, ya pikipiki kwa S40. Fundi pancha yeyote atakupa.

Regulata, kifaa cha kupunguza shinikizo la gesi ili ivutike, iwe ya kufunga kwa nyuzi, yaani ya DIN, yenye kipumulio kimoja kwenye hozi ya mita 1, na geji kwenye hozi fupi ya sentimita 15. Zile za kubana kwa skrubu juu ya valvu zinaweza kusogea zikigongwa ubavuni mwa boti.

Mwisho: kisu, laita, bisibisi, futi kamba, maka peni isiyofutika, stika au tepu nyeupe pana, na sumaku ndogo.

### Sumaku ni ya nini?

Ya dukani. Ukienda Gerezani au Kariakoo ukaomba klipu ya stenlesi, utaletewa inayong'aa yote. Ishike karibu na macho. Utepe wake mara nyingi ni stenlesi kweli, lakini skrubu ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Weka sumaku kwenye skrubu: ikinasa kwa nguvu, mwambie, "Fundi, hii skrubu ni chuma, naomba ya stenlesi kote." Baharini skrubu hiyo inakula kutu haraka, utepe ukiwa bado unang'aa, na siku unayotaka kuilegeza kichwa kinavunjika.

Nyingi zimegongwa alama. W2 maana yake utepe ni stenlesi, lakini skrubu si stenlesi. W4 ni stenlesi yote. W5 ni stenlesi yote ya daraja la juu zaidi dhidi ya chumvi. Chukua W5 ukiipata, W4 ukiikosa.

Mzunguko wa S80 ni karibu milimita 578, wa S40 ni karibu milimita 418. Klipu ya ukubwa huo si rahisi kuipata dukani. Nunua mbili ndogo, ingiza mkia wa moja kwenye skrubu ya nyingine, utapata pete moja kubwa yenye skrubu mbili.

## Hatua ya 1: Pima mwili wako

Vaa suti yako ya kuzamia na mikanda yako yote, kaza kama unavyokaza siku ya kazi. Lala kifudifudi juu ya benchi, mikono mbele, magoti yamekunjwa. Mwenzako apime kwa futi kamba kutoka pete ya D ya kifuani kushoto hadi pete ya D ya kiunoni kushoto.

Kwa nini ulale? Ukisimama mabega yanashuka na mkanda unateremka, unapata kipimo kifupi. Majini umenyooka, na mtungi utakaa kwenye urefu ule wa kunyooka.

Watu wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 45. Ukipata 30 au 55, usiendelee. Pete zako zimekaa vibaya. Ya kifuani inatakiwa iwe usawa wa mkunjo wa kwapa, ya kiunoni iwe ubavuni juu ya mfupa wa nyonga. Rekebisha mikanda kwanza, pima tena.

Andika namba hiyo. Nitaiita kipimo chako.

## Hatua ya 2: Loweka kamba

Weka kamba kwenye ndoo ya maji usiku mzima, iache ikauke kivulini. Nailoni mpya hujikunja kidogo inapolowa mara ya kwanza. Ukifunga ikiwa mpya kavu, kipimo chako kitapotea baada ya safari ya kwanza, na mafundo yatakuwa yameshakaza kiasi cha kutofunguka.

Choma ncha mbili kwa laita hadi ziyeyuke na kugandana. Fanya kazi hii mbali na vifaa vya oksijeni.

## Hatua ya 3: Kitanzi cha shingo na ndoano ya juu

Kunja kamba katikati. Pale ilipokunjika ndipo kitanzi cha shingo. Kivishe juu ya valvu, bila regulata, kishuke hadi shingoni. Funga fundo la kawaida kwa kamba zote mbili pamoja, karibu kabisa na shingo. Kitanzi kiwe kinapita juu ya kishikio cha valvu kwa shida. Kikipita kwa urahisi ni kikubwa: mtungi utazunguka na kichwa kitaanguka mbele.

Sasa pitisha ncha zote mbili kwenye tundu la ndoano, isogeze hadi kwenye fundo, kisha funga fundo la pili chini yake. Ndoano inabaki imefungiwa kati ya mafundo mawili, inacheza lakini haisafiri.

*Ukiwa umepatia:* ukiilaza ndoano juu ya mtungi, ncha yake inaishia pale bega la mtungi linapoanza kunyooka kuwa ubavu. Ikishuka chini zaidi, mtungi utaning'inia mbali na kwapa. Hapa ndipo malalamiko mengi ya "mtungi wangu unaanguka mbele" yanapoanzia.

## Hatua ya 4: Mshikio na ndoano ya chini

Pitisha ncha zote mbili ndani ya kile kipande cha hozi ya bustani. Huo ndio mshikio wa kubebea, na pia unaiweka kamba mbali kidogo na mtungi ili vidole vyenye glavu viingie.

Chukua kipimo chako. Anzia pale ndoano ya juu inapotokea kwenye kamba, teremka na futi kamba, weka alama kwa maka peni. Hapo ndipo ndoano ya chini itatokea. Kama kipimo chako ni sentimita 42, alama iko sentimita 42, si 40 kwa kukisia.

Funga fundo sentimita 4 juu ya alama. Pitisha ncha kwenye tundu la ndoano ya pili, zirudishe, funga ndoano ikae kwenye alama. Mkia kati ya fundo na ndoano usizidi upana wa vidole vitatu.

Mkia huu mfupi ndio unaozuia kitako kuinuka. Gesi inavyopungua alumini inataka kupanda, na ukiiachia kamba ya sentimita 10 itapanda sentimita 10. Nimeona watu wakibandika risasi kwenye kitako cha mtungi kutibu jambo ambalo mkia mfupi ungelitibu.

Usikate masazo ya kamba bado.

## Hatua ya 5: Klipu ya hozi

Kata ukanda wa tyubu wenye upana wa sentimita 4, uvishe kwenye mtungi pale klipu itakapokaa. Usiruke hili. Stenlesi ikigusa alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe chini ya utepe.

Weka kamba mbili juu ya mpira, fundo la hatua ya 4 likiwa upande wa chini wa mahali pa klipu. Zungusha klipu juu ya kamba, kaza. Fundo likae chini ya klipu, ili kamba ikivutwa kwenda juu fundo lizuie. Kamba iwe imenyooka kutoka shingoni hadi hapa, bila kulegea, ila mshikio uweze kuinuliwa kiasi cha vidole vinne kupita.

Kaza kwa mkono na bisibisi, si kwa spana na nguvu za bega. Klipu iliyokazwa kupita kiasi huruka nyuzi zake. Ziba mkia wa utepe na vichwa vya skrubu kwa kipande cha tyubu, maana ule ukingo unakata suti na ngozi.

Angalia kwamba ndoano zote mbili ziko kwenye mstari mmoja. Zikipishana, mtungi utakaa umejipinda. Kisha kata masazo ya kamba na uchome ncha.

*Jambo la usalama:* hakuna ndoano iliyofungwa kwa chuma moja kwa moja kwenye chuma. Kati ya kila ndoano na mtungi kuna kamba, na kisu chako lazima kiweze kuikata. Jaribu kisu kwenye masazo uliyokata. Kikisuasua hapo, kinoe au ununue kingine.

## Hatua ya 6: Mipira ya kushikia hozi

Kata pete mbili za tyubu zenye upana wa sentimita 3. Moja ikae juu, chini tu ya bega la mtungi. Ya pili ikae chini ya mshikio. Kwenye kila moja acha kisikio kidogo cha kuvutia, kwa kufunga kipande cha kamba au kukata mpira ukiwa na ulimi.

Mpira ubane kiasi cha kushika hozi hata ukitikisa mtungi kichwa chini, na uachie ukivuta kwa vidole viwili.

## Hatua ya 7: Regulata

Kagua oringi, ile pete ya mpira inayozuia uvujaji, funga regulata kwa mkono. Geji ikunje ielekee juu, uso wake uelekee usoni kwako, ifunge kwa uzi wa mpira kwenye kichwa cha regulata. Geji inayoning'inia hukwaruza matumbawe na huvunjika wakati wa kupandisha mitungi botini.

Hozi ya kipumulio ishuke ubavuni mwa mtungi, ipite chini ya mpira wa juu, ipite chini ya mpira wa chini, igeuke, ipande tena hadi kipumulio kikae shingoni. Hakuna sehemu ya hozi inayotoka nje ya mtungi kiasi cha kushikwa na kidole.

Geuza mtungi ndani ya kitanzi hadi kishikio cha valvu kifikiwe na mkono wako wa kushoto na kichwa cha regulata kisikuchome mbavu. Hili kila mtu analipata kwa kujaribu akiwa amevaa.

Fungua valvu polepole, soma geji, vuta pumzi mbili tatu, funga. Hozi ibaki na shinikizo, valvu ibaki imefungwa. Sababu ni mbili. Hozi isiyo na shinikizo inaruhusu maji kuingia ndani ya regulata ukishuka. Na valvu iliyo wazi inaweza kumwaga mtungi wote bila wewe kuona kama kipumulio kikianza kuvuja.

Iache dakika kumi. Mshale ukishuka kuna uvujaji: fungua valvu, paka maji ya sabuni kwenye maungio, fuata mapovu.

### Kama gesi ni zaidi ya asilimia 40 ya oksijeni

Mtungi, valvu na regulata lazima viwe vimesafishwa maalumu kwa oksijeni na fundi aliyefundishwa, kwa oringi na mafuta yanayostahili. Grisi ya gereji, mafuta ya nazi mikononi, mafuta ya kujikinga na jua, vyote hivyo ni kuni. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikimbia ghafla ndani ya valvu hupata joto, na joto likikutana na mafuta linawaka. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa, na valvu ifunguliwe taratibu kila mara.

## Hatua ya 8: Andika kina

Fundo baya litakuharibia siku. Alama mbaya inaua, kwa hiyo hapa nenda taratibu.

Kila mtungi uandikwe kina cha mwisho ambacho gesi yake inaruhusiwa kuvutwa, kwa mita, namba peke yake, tarakimu zenye urefu wa sentimita 7. Iandikwe pande zote mbili, ikilala kufuata urefu wa mtungi, ili mwenzako anayeogelea ubavuni aisome bila kugeuza shingo.

Hesabu yake ni fupi. Gawa shinikizo la oksijeni linaloruhusiwa kwa sehemu ya oksijeni iliyomo, toa 1, zidisha kwa 10. Kwa gesi za kupandia wengi hutumia bar 1.6, kwa gesi za kuogelea nazo bar 1.4.

- Oksijeni tupu: 1.6 ÷ 1.0 = 1.6, kina mita 6.
- Naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 50: 1.6 ÷ 0.5 = 3.2, inakuja mita 22, na desturi ni kuandika 21.
- Naitroksi ya 32: 1.4 ÷ 0.32 = 4.375, kina mita 33.

Kwa nini kina na si jina la gesi? Ukiwa mita 40, kichwa kizito kwa naitrojeni, namba 6 kubwa inakuambia moja kwa moja kwamba mtungi huu si wa hapa. Neno "oksijeni" linakutaka ufikiri kwanza. Oksijeni tupu ikivutwa mita 30, shinikizo lake ni bar 4. Degedege linaweza kuja bila dalili yoyote ya kutahadharisha, kipumulio kinatoka mdomoni, na mtu anazama akiwa na mitungi iliyojaa.

Kwa sababu hiyohiyo, bandua alama zote za zamani. Mtungi wenye 21 upande mmoja na 33 upande mwingine ni hatari kuliko usio na alama.

Karibu na shingo weka kipande cha tepu chenye asilimia uliyopima, shinikizo, tarehe na jina lako. Pima mwenyewe kwa kipima oksijeni, hata kama aliyejaza ni rafiki yako wa miaka. Mtungi usio na tepu ya tarehe ya kujazwa kwa mara ya mwisho hauingii botini.

## Hatua ya 9: Jaribu nchi kavu

Tundika mtungi kwa ndoano zote mbili kwenye kamba iliyovutwa kati ya nguzo mbili. Ulale sambamba na kamba.

Kisha vaa kila kitu, inama mbele kama uko majini, uuvae mtungi. Ndoano ya juu kwanza kwenye pete ya kifuani, halafu ya chini kwenye pete ya kiunoni. Kuvua ni kinyume: ya chini kwanza, ya juu mwisho. Utaratibu huu unakiweka kichwa cha mtungi, chenye valvu na regulata, karibu nawe muda wote. Ukianza kuvua ya juu, regulata inaning'inia chini na wewe huioni.

Fanya kwa mkono mmoja. Fanya macho yamefumbwa. Fanya na glavu. Ikiwa ndoano ya chini inakulazimu kujipinda kiuno, rudi hatua ya 4, kipimo kimekosewa.

Wengi wetu tunauweka kushoto, kwa kuwa hozi ndefu ya kumpa mwenzako hutokea kulia na haitakiwi kunaswa na chochote. Fuata ulivyofundishwa, mradi kundi zima linafanya hivyohivyo.

## Hatua ya 10: Maji ya kina kifupi

Bwawa la kuogelea ndilo bora kwa mara ya kwanza. Ukienda baharini, nenda upande wa mchanga wa Mbudya au Bongoyo, mita 4 hadi 6, siku za maji mafu. Wakati wa bamvua mkondo kati ya visiwa na bara una nguvu, na utashindwa kujua kama ni mtungi unaokuvuta au ni maji. Kusi likiwa limekaza, ahirisha.

Visiwa hivyo, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Lipa ada ya kuingia, na usiulaze mtungi juu ya matumbawe hata kwa dakika moja.

Jaza hewa ya kawaida kwa jaribio hili, na uandike HEWA kwa herufi kubwa. Hakuna sababu ya kujifunza kufunga na kufungua ukiwa na oksijeni ubavuni.

Fanya haya kwa mpangilio:

1. Elea bila kugusa chini, mwenzako akutazame kwa ubavu. Mtungi ulale sambamba na mwili, kichwa kwapani.
2. Vua, mkabidhi mwenzako, upokee, uvae. Kina chako kisibadilike zaidi ya nusu mita.
3. Badili gesi kwa utaratibu kamili: soma geji ya kina, soma namba kwenye mtungi, mwonyeshe mwenzako naye aisome, toa kipumulio, fuata hozi kwa mkono kutoka kipumulio hadi valvu ili uhakikishe ni ya mtungi huohuo, fungua valvu, vuta.
4. Rudisha hozi chini ya mipira peke yako. Hapa wengi hushindwa kwa sababu mpira umekaza mno au hauna kisikio.

Halafu rudia yote mtungi ukiwa umebaki na bar 40 hivi. Watu wengi huruka zoezi hili. Mtungi uliojaa hukaa vizuri hata ukiwa umefungwa ovyo, ila ukikaribia kwisha ndipo unaonyesha makosa. Kitako kikiinuka kidogo ni tabia ya alumini. Kikiinuka hadi mgongoni, mkia wa ndoano ya chini ni mrefu.

## Botini

Mtungi upandishwe kwa mshikio, kamwe si kwa valvu wala hozi. Mweleze kijana wa boti kabla hamjaondoka, kwa sababu yeye kwa haraka atashika kinachojitokeza zaidi, nacho ni regulata.

Laza mitungi, ifunge, ifunike na turubai. Mtungi wa bar 200 huongeza karibu bar 0.7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Gari lililofungwa vioo juani pale maegeshoni ni pabaya zaidi kuliko boti.

## Baada ya kuzamia

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, valvu ikiwa imefungwa na hozi ina shinikizo. Chezesha ulimi wa kila ndoano ndani ya maji hadi chembe za mchanga zitoke. Anika kivulini, kwa kuwa jua la Dar linaua tyubu na nailoni zote mbili. Mpira ukionyesha nyufa ukiuvuta, kata mwingine.

Kamba ikiota manyoya pale inapobanwa na klipu, badilisha yote, si kipande. Na mtungi unapopelekwa kwa ukaguzi wa ndani wa kila mwaka, legeza klipu na uvue ukanda wa tyubu kabla ya kuukabidhi. Unga mweupe wa kufutika kwa kitambaa hauna neno. Ukucha ukiingia kwenye shimo, mwonyeshe mkaguzi mahali penyewe, na usiujaze hadi apime kina cha shimo hilo.